Madume wa Tanurini

Mama Wembe hakuwahi kumsalimia mtu wala mnyama kabla ya kumgusa sikio. Alinyoosha mkono taratibu, akaugeuza, na kwa mgongo wa vidole akagusa nyuma ya sikio, pale ngozi ilipo nyembamba, kisha akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza hodi ya mlango wa mbali. Baada ya hapo ndipo ikaja salamu. Aliwafanyia hivyo nguruwe, maana ndio waliomweka mjini. Aliwafanyia hivyo watoto wachanga, majirani, na fundi aliyekuja kuziba bati linalovuja. Siku ya harusi ya mdogo wake wa mwisho alimfanyia bwana harusi mbele ya kadamnasi, na bwana harusi, aliyeijua vizuri kazi ya shemeji yake, akaruka nyuma na kumkanyaga mama yake mzazi.

"Usiogope, shemeji," Mama Wembe akamwambia. "Napima joto tu. Ile kazi nyingine siifanyi mpaka niitwe."

Kazi yake ilikuwa kuhasi. Alikwenda banda kwa banda na mkebe wa bati wenye wembe, uzi, chupa ya spiriti na kitambaa kilichochemshwa, akiwakata watoto wa kiume wa nguruwe kabla hawajaanza kutoa harufu ya udume. Dume asiyekatwa nyama yake hunuka, na mnunuzi akiinusa hageuki nyuma. Alijifunza kwa baba yake, na baba alipokufa watu walisema mwanamke hataiweza kazi ile, mkono wake utatetemeka. Haukutetemeka. Jeraha lake lilikuwa dogo kama punje ya harage, na kitoto alichokikata kilikuwa kikinyonya tena kabla mwenye banda hajamaliza kushukuru. Wanaume walimheshimu kwa namna ya pekee: akikaa kwenye benchi, wote walio mbele yake hukunja miguu.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata kwa ndugu. Sikio likiwa na moto, hakati. "Mwili huu una vita yake tayari," alikuwa akisema, huku akifunga mkebe. "Mwacheni akue. Nitarudi sikio likipoa." Mwenye banda angebembeleza, angelalamika, angesema dume atamsumbua. Mama Wembe angekuwa ameshafika barabarani.

Kaka yake alikuwa na binti. Binti huyo sasa ana miaka arobaini na kitu na mvi mbili tatu anazoziacha zionekane, lakini kwa shangazi yake hakuwahi kupandishwa cheo. Alibaki binti, nasi tumwite hivyo hivyo. Alisomea mifugo chuoni, akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti kilicho nje kidogo ya mji: majengo mafupi yenye paa za bati, njia za saruji zilizopasuka, bomba linalodondoka karibu na ghala la chakula cha mifugo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wenzake walisema ukitaka kujua siku imekwendaje, usimuulize. Tazama kama amemaliza chai yake.

Mabanda ya mbele ya kituo yalikuwa ya nguruwe weupe, warefu, wenye migongo kama mabao ya kufulia. Hao walikuja zamani kutoka nchi za baridi, na kila mfugaji akawapenda, kwa sababu walivimba kama unga uliotiwa hamira. Kwa ajili yao watu waliwaachilia mbali nguruwe weusi wa asili, wale wadogo, wenye nywele ngumu na masikio mapana, wanaokua polepole na kula chochote. Nyuma kabisa ya ghala, pasipofika wageni, binti alikuwa na banda moja la majike weusi aliowakusanya mmoja mmoja kwa miaka. Hakuwakusanya kwa huruma. Alikuwa ameona joto linavyobadilika. Zamani joto lilikuwa mgeni wa miezi miwili; sasa limekuwa mpangaji asiyehama. Likipanda, nguruwe weupe hulala ubavu wakihema, majike hupandwa wasishike mimba, na madume wenyewe huwa madume wa jina tu kwa wiki nyingi baada ya joto kupita. Weusi wake walikuwa wakihema kidogo, wakiingia kwenye tope, na kuendelea na maisha yao.

Lakini weusi wake nao walikuwa na ugonjwa wao, na huo haukutoka juani. Majike wote walikuwa wamepandwa na dume mmoja, mzee wa jicho moja aliyeitwa Chongo, kwa kuwa dume mwingine mweusi hakupatikana. Chongo alikuwa baba, babu, na kwa wengine vyote viwili. Kila uzao ulikuja mdogo kuliko uliotangulia, na baadhi ya vitoto vilizaliwa bila nguvu ya kushika titi.

Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya. Alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, akazima feni ili karatasi zisipeperuke, akasema alichokuwa amekiahirisha kwa muda mrefu.

"Dada yangu, nakuelewa. Mimi mwenyewe naliona joto. Lakini banda lako lina ndugu wanaooana. Hiyo si akiba ya kesho, ni ukoo unaokufa pole pole kwa gharama yetu. Na mimi nahitaji nafasi ile nijenge banda lenye mashine ya kupooza hewa kwa weupe."

"Nipe muda nitafute madume wengine."

"Mpaka joto lijalo lianze. Niletee madume weusi wasio wa damu ya Chongo. Ukikosa, wale majike wanakwenda machinjioni, na mimi sitaki siku hiyo unitazame usoni."

Siku hiyo chai haikumalizika.

Jioni alikwenda kwa shangazi yake. Mama Wembe aliishi katika vyumba viwili vilivyotazamana na uwanja mdogo wa udongo uliofagiliwa hadi ukang'aa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, wembe unachemka katika sufuria juu ya jiko la mkaa. Alinyanyuka, akamgusa sikio.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Sikio limepoa lakini uso una moto. Nani kakuudhi?"

Binti akamweleza yote: Chongo, mkuu wa kituo, machinjio. Akamwomba amtajie banda lolote, kokote alikopita, lenye dume mweusi mzima. Mama Wembe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kichinichini kilichomtikisa mabega.

"Yaani unamuuliza paka panya wamekwenda wapi."

"Shangazi, sina mtu mwingine wa kumuuliza."

"Nami sina jibu la kukupendeza. Miaka yote hii, mwanangu, kila dume aliyenona ndiye niliyeitiwa kwanza. Mtu haiti mhasi kwa ajili ya kile kikonda. Huitwa kwa ajili ya yule mkubwa, anayeng'aa, maana ndiye atakayenenepa vizuri. Walionipita ni wale wadhaifu ambao hakuna aliyewatilia maanani." Akaacha kucheka. Akautazama wembe ndani ya maji yanayochemka. "Sikuwahi kulifikiria hivyo mpaka sasa hivi nilipolisema."

"Si wewe peke yako. Kila mtu alitaka hivyo."

"Ndiyo. Lakini mkono ulikuwa wangu." Akaepua sufuria. "Kesho tunatoka. Vaa viatu vinavyofuliwa."

Walizunguka mabanda yote ambayo Mama Wembe alikumbuka kuwa na weusi, na alikumbuka mengi. Nyuma ya karakana, kando ya soko, uani kwa mafundi seremala ambako nguruwe walilala juu ya maranda ya mbao. Kila walipofika habari zilikuwa zimewatangulia.

"Mama Wembe!" akapaza sauti seremala mmoja, mbavu zikimuuma kwa kucheka. "Eti leo umekuja kuzirudisha ulizochukua?"

"Zako nitazichukua bure kabisa," akajibu. "Simama tu hapo hapo."

Waliwapata madume wachache wazima, wembamba, waliosahaulika. Binti alinyofoa nywele chache pamoja na mizizi yake kutoka kwa kila mmoja, akazitia kwenye bahasha na kuzipeleka maabara kubwa, ambako husoma vinasaba, yaani yale maandishi ya ukoo ambayo kila kiumbe huyabeba ndani ya damu na nywele zake. Alipokuwa akisubiri alijikuta akitembea mara kwa mara kwenda nyuma ya ghala kuwatazama majike wake. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, alimwita Kaniki. Kaniki alikuwa akija kwenye ukuta na kumwekea pua kiganjani, pua baridi, yenye unyevu, isiyojua chochote kuhusu mashine za kupooza hewa.

Majibu yalikuja. Wote walikuwa wa Chongo. Mjukuu, kitukuu, mtoto wa nje. Dume yule wa jicho moja alikuwa ametembea kuliko mtu yeyote alivyodhani.

Mama Wembe alimkuta binti ofisini ameweka viganja juu ya karatasi kama mtu anayezuia kitu kisiamke. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kituoni. Hakumwambia pole. Alisema, "Nionyeshe hao wafalme wenu weupe," wakatoka, wakapita mabanda ya mbele. Jua lilikuwa limepanda. Mama Wembe akainama juu ya ukuta, akamgusa nguruwe mmoja sikio, akaenda kwa wa pili, wa tatu.

"Hawa wote nisingewakata leo. Homa tupu. Ningefunga mkebe nikaenda zangu."

Binti alikuwa akitembea nyuma yake, kichwa kimeinama. Akasimama.

"Shangazi. Ukifunga mkebe ukaenda zako, unarudi lini?"

"Sikio likipoa. Juma lijalo, au mwezi ujao. Hurudi siku zote."

"Siku zote?"

Mama Wembe akajifuta vidole kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Alikuwa mwanamke asiyeona haya ya kitu, na binti alishangaa kumwona anatafuta mahali pa kuweka macho.

"Kuna mahali pamoja," akasema. "Tanurini."

Tanurini palikuwa bonde la wafyatua matofali, upande wa pili wa mji, ambako upepo haufiki. Vibarua walikuja pale kutoka pande zote, kila mmoja na kitoto cha nguruwe ndani ya kikapu, kutoka huko kwao, ili awe na kitu cha kufuga kando ya kibanda. Mama Wembe aliitwa mara moja kuwakata. Akagusa masikio, akakuta moto. Akarudi mara ya pili, moto. Mara ya tatu alikwenda alfajiri, kabla jua halijatoka, na bado moto. Vibarua wakaanza kunong'ona kwamba mkono wa mhasi umekufa, hausikii tena baridi.

"Nikasema hawa wana homa isiyopona. Nikiwakata watanifia, na jina langu litakufa nao. Sikurudi tena. Na sikumwambia mtu, kwa sababu ni banda pekee lililowahi kunishinda." Akavuta pumzi. "Nadhani walishakufa zamani, mwanangu."

"Twende tukaone walipozikwa," akasema binti, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alikuwa anatembea mbele.

Bonde lilikuwa na mashimo ya udongo yaliyojaa maji mekundu, safu za matofali mabichi zilizofunikwa nyasi, na katikati tanuri lililorundikwa kama nyumba isiyo na dirisha, likitoa moshi juu. Joto lilimpiga binti usoni kama mlango uliofunguliwa ghafla. Mwanamke mnene, mwenye udongo hadi viwikoni, aliacha kalibu yake ya kufyatulia na kuwaangalia. Vibarua walimwita Bi Udongo, naye ndiye aliyesimamia kazi pale. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa moshi wa miaka.

"Hee! Kumbe u hai," akamwambia Mama Wembe. "Tumekungoja mpaka tumezeeka."

Mama Wembe akamgusa sikio. Bi Udongo akavumilia.

"Mliningoja mimi kwa lipi?"

"Wewe si ulisema? 'Mwacheni akue, nitarudi sikio likipoa.' Basi tukawaacha wakue. Asubuhi tunagusa sikio, moto. Jioni tunagusa, moto. Walipozaa, tukagusa na watoto wao, moto vile vile. Alitokea bwana mmoja na kisu chake anataka kukata, nikamfukuza kwa koleo. Nikamwambia mwenye kazi kasema sikio lipoe."

"Miaka yote hii?" binti akauliza, polepole.

"Mama, mimi najua matofali. Mambo ya mikato nilimwachia mwenyewe." Akakunja uso. "Ila nyama yao inanuka, sitakudanganya. Mjini hakuna anayeinunua, wala anayetuletea jike wake apandwe. Wanatuita watu wa beberu. Tunakula wenyewe, tumeshazoea."

Binti hakumsikia vizuri mwisho wa maneno hayo, kwa sababu alikuwa ameshawaona. Nyuma ya tanuri, mahali ambapo mtu mwenye akili angekimbia, madume weusi walikuwa wamelala wakiegemea ukuta wenye moto. Mmoja alikuwa na doa jeupe begani. Mwingine alikuwa na mistari hafifu ya kahawia ubavuni, ambayo binti hakuwahi kuiona kwa ukoo wa Chongo. Wa tatu alikuwa na pua ndefu nyembamba kama ya mnyama wa msituni. Majike walipita na vitoto nyuma yao, wengi, wanene, wakigombania tope katika shimo la udongo. Hakuna aliyehema.

"Kuna mwaka mtu alileta weupe wawili," Bi Udongo akasema. "Hawakumaliza kiangazi."

Binti akatoa kipimajoto kwenye mkoba. Mwenye doa hakupenda kilipoingizwa, na vibarua wawili waliomshika walichukia zaidi yake. Akasubiri, akasoma. Akapima wa mistari, akasoma tena. Kisha akachuchumaa palepale kwenye vumbi jekundu, mkono mdomoni.

"Nini?" Mama Wembe akauliza. "Homa?"

"Hawana homa, Shangazi. Ndani wamepoa kama wewe na mimi. Joto liko masikioni tu." Akageuka kwa Bi Udongo, akanyoosha kidole juu. "Ule moshi wa tanuri lako, kwa nini unauacha utoke?"

"Nikiuziba si matofali yatapasuka?"

"Basi ndivyo sikio lilivyo kwa hawa. Damu yenye moto inapanda masikioni, inapepewa na hewa, inarudi mwilini imepoa. Sikio likiwa na moto maana yake bomba la moshi linafanya kazi. Wale ambao bomba lao lilikuwa bovu walikufa hapa zamani, bila kuzaa. Waliobaki ni watoto wa waliostahimili, na wametoka pande zote, kila kikapu na ukoo wake. Wamekuwa wakichanganyika hapa wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyemchagua mkubwa akamkata."

Mama Wembe alikuwa amesimama, mgongo wa vidole vyake bado uko nyuma ya sikio la mwenye doa, ambaye alikuwa amefumba macho.

"Kwa hiyo mimi miaka yote nilikuwa naona moshi nikidhani nyumba inaungua."

"Ndiyo."

"Nikakosea."

"Ukakosea vizuri sana, Shangazi. Ungeelewa sawasawa, ungewakata wote siku ile ile."

Hapo Mama Wembe alikaa juu ya rundo la matofali mabichi, akayavunja mawili, na akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu. Bi Udongo, bila kujua sawasawa anacheka nini, akacheka naye. "Yale mawili utayafyatua wewe," akasema alipopata pumzi.

Nywele za madume wa tanurini zilikwenda maabara, na majibu yaliporudi binti aliyasoma akiwa amesimama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na damu ya Chongo. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa mbali kuliko alivyothubutu kutumaini, kama wapangaji wa nyumba moja waliotoka kila mmoja kwao. Akaingia kwa mkuu wa kituo na shangazi yake nyuma. Mkuu wa kituo, kumwona Mama Wembe, akavuta kiti chake hadi tumbo likagusa meza.

"Tumepata madume," binti akasema.

Mkuu wa kituo akazisoma karatasi mara mbili. "Umewapata wapi?"

"Niliwahifadhi," akadakia Mama Wembe, kidevu juu. "Kwa mbinu ya kitaalamu. Inaitwa kutorudi."

Madume watatu waliingia kituoni juu ya gari lililozoea kubeba matofali, na bado walikuwa na udongo mwekundu migongoni. Majike weusi walipandwa. Kisha joto likaja, na mwaka huo lilikuja kama lililotumwa. Mabomba yalikauka. Bati la ghala lililia mchana kutwa kwa kutanuka. Weupe walimwagiwa maji asubuhi na mchana, wakapepewa, wakabembelezwa, na bado majike wao walirudia kutaka dume mwezi hadi mwezi, tumbo tupu. Mkuu wa kituo alipita mabanda ya mbele, na kila siku miguu yake ilimfikisha nyuma zaidi, mpaka akawa anasimama penye ukuta wa Kaniki na kujifanya anakagua nyufa.

Kaniki alizaa asubuhi moja katikati ya joto kali kuliko yote. Wafanyakazi walijaa ukutani. Hata mlinzi aliacha geti. Wa kwanza alitoka mweusi tii, akatikisa kichwa, akaelekea kwenye titi kama aliyewahi kuelekezwa njia. Wa pili. Wa tatu alikuwa na mistari ya kahawia. Uzao wa mwisho wa Chongo ulikuwa wa watatu, na mmoja hakuona jioni; kwa hiyo alipotoka wa nne watu walipumua. Alipotoka wa sita walianza kuhesabu kwa sauti. Mkuu wa kituo ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, tai imelegea, na alipofika kumi alimkumbatia mlinzi. Wote kumi walikuwa wananyonya. Binti alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, mikono imelowa, na mwenzake mmoja alikuja kusimulia baadaye kwamba siku ile alimwona akiimba.

Mama Wembe akainama, akawagusa masikio mmoja mmoja.

"Moto," akasema. "Moto. Moto. Na huyu moto. Safi kabisa."

"Banda halibomolewi," mkuu wa kituo akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa amri iliyokwisha kutekelezwa. "Banda linaongezwa. Na ninyi, nani aliacha geti?"

Tangu siku hiyo kazi ya Mama Wembe ikageuka, ingawa mkebe ulibaki ule ule. Aliitwa kukata, akaja, na kabla ya kuchukua wembe akawatazama watoto wa kiume kwa muda mrefu kuliko wenye mabanda walivyopenda. Kisha akamtenga yule aliyenona, yule anayeng'aa, ambaye zamani angekuwa wa kwanza. "Huyu hakatwi," akasema. "Huyu ni wa watu wote." Binti ndiye aliyepanga nani aende wapi, ili dume asibaki na dada zake. Mama Wembe ndiye aliyewapeleka. Watu walizoea kumwona akikatiza barabara ya sokoni na dume mweusi kwenye kamba, kanga imefungwa kiunoni, na wenye vibanda wakimpigia vigelegele.

"Mama Wembe, naona leo umepata mchumba!"

"Na huyu ni mzima," alijibu bila kugeuka. "Si kama nyinyi."

Kiangazi kilichofuata, na kile cha baada yake, mabanda ya uani kwa seremala, nyuma ya karakana na kando ya soko yalikuwa na vitoto vyeusi katikati ya joto. Vingine vilikuwa na doa begani, vingine na mistari. Bi Udongo alikuja mwenyewe kituoni kuwaona wajukuu, kama alivyowaita, na akaondoka na oda ya matofali ya mabanda mapya.

Miguu ya Mama Wembe ndiyo iliyochoka kwanza. Ilivimba, ikakataa ngazi, kisha ikakataa uwanja. Mkebe ukawekwa kwenye rafu juu ya kitanda, anapoweza kuuona. Alikuwa akimkosoa kila aliyeingia, akimwuliza dume fulani yuko wapi, na kuonya kwamba akilala na dada yake, yeye mwenyewe atakuja huko hata kwa kutambaa.

Mchana mmoja binti alikuja akikimbia kutoka kituoni, mwanamke wa arobaini na kitu, viatu mkononi, jua linawaka. Vituo vya mbali, vya nchi zenye joto kama lao, vilikuwa vimeomba madume wa ukoo wa tanurini. Wataalamu wangekuja kujifunza. Yeye ndiye angewafundisha, na alikuwa ameambiwa asimame mbele ya watu na kueleza ilivyokuwa. Aliyasema yote mlangoni kwa pumzi moja, anacheka na kulia, akapiga magoti kando ya kitanda na kusahau shikamoo.

Mama Wembe akamgeukia. Alinyoosha mkono taratibu, akaugeuza, na kwa mgongo wa vidole akamgusa nyuma ya sikio. Akatulia. Kisha akatabasamu, akageuza uso kuelekea mlangoni, kana kwamba mwenye banda amesimama pale anangoja jibu.

"Lina moto," akasema. "Huyu hakatwi. Mwacheni akue."